Maganda ya Matunda na Mabaki ya Jikoni: Mwongozo Kamili wa Kulisha Bustani ya Uani

Ukitupa ganda la ndizi juu ya shina la nyanya, ile nyanya haipati kitu siku hiyo, wala wiki hiyo. Mizizi haina meno. Inakunywa tu kile kilichokwisha kuyeyuka ndani ya maji ya udongo, na ganda haliyeyuki mpaka bakteria, kuvu, minyoo na wadudu wadogo walimegemege kwanza. Kwa hiyo unapoleta mabaki ya jikoni bustanini, unaowalisha ni hao viumbe wa udongoni, nao ndio wanaoulisha mmea. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya makosa ya kilimo cha uani itakuepuka: harufu, nzi, panya, na mboga zinazogeuka njano baada ya "kuwekewa mbolea".

Hapa nazungumzia uani wa Dar es Salaam, kwenye mchanga ambao maji ya bomba huzama kabla hujageuka. Udongo wa namna hii hauna uwezo wa kushika virutubisho. Unaweka urea leo, mvua inapiga kesho, na sehemu kubwa inashuka chini ambako mizizi ya mchicha haifiki. Mchanga unahitaji mboji, yaani mabaki yaliyokwisha kuoza na kugeuka kama udongo mweusi, kuliko udongo mwingine wowote, kwa sababu mboji hushika maji na kushika chakula kwa pamoja. Aliye Morogoro au Nairobi kwenye udongo mzito atafuata hatua hizi hizi. Kwake faida itakuwa zaidi katika kuulainisha udongo.

Kwanza, chambua ndoo ya jikoni

Weka chombo chenye mfuniko karibu na sehemu ya kumenyea. Kama mnaishi nyumba ya kupanga yenye jiko la pamoja, waeleze wenzako mapema nini kinaingia na nini hakiingii, maana mfuko mmoja wa plastiki au sahani moja ya wali wenye mchuzi inatosha kuharibu mzigo wote.

Maganda ya ndizi, papai, embe, nanasi, tikiti, parachichi, viazi, karoti na vitunguu yote yanafaa, pamoja na mashina ya mchicha na majani mabovu ya kabichi. Ganda la ndizi lina sifa yake kwa sababu ya potasiamu, ambayo mmea huitumia katika kuchanua, kukomaza tunda na kuvumilia ukame. Ila naitrojeni yake ni kidogo, na naitrojeni ndiyo inayokuza jani. Kumlisha mchicha kwa maganda ya ndizi peke yake ni kumpa kitoweo bila ugali.

Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, pamoja na masimbi ya kahawa, ni hazina ya naitrojeni. Lakini chai yetu mara nyingi huchemshwa pamoja na sukari na maziwa. Majani ya aina hiyo yasuuze kwanza, la sivyo sisimizi watahamia hapo. Chai ya vipakiti ipasue utoe majani, kwa kuwa vipakiti vingi vimetengenezwa kwa nyuzi zenye plastiki. Vivyo hivyo ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, tunayofungiwa sokoni siku hizi: ni plastiki, haiozi.

Maganda ya machungwa, malimau na ndimu yanaoza, tena vizuri, ila polepole. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda huwafukuza minyoo, kwa hiyo yakatekate vipande vidogo na usiyaache yakatawala ndoo. Anayefuga minyoo wekundu ayaweke mbali kabisa.

Maganda ya muhogo mbichi yana kemikali inayozalisha sianidi, na ndiyo maana mbuzi akiyala kwa wingi anaweza kufa. Yakichanganywa na vitu vingine na kuoza, sumu hiyo huvunjika. Yaweke kwenye mboji bila hofu, ila yakate na uyafukie, mifugo isiyafikie.

Machicha ya nazi yanataka uangalifu wa peke yake, na sisi watu wa Pwani tunayo kila siku. Yamebeba mafuta. Yakirundikwa pamoja hugandamana, hewa haipiti, yanachacha na kuita panya. Kama una kuku, wape wao kwanza. Kama huna, nyunyiza konzi moja kwa wakati na uichanganye na majani makavu. Kifuu usihangaike nacho, hukitumii mboji bali jikoni. Makumbi yapasue uyatandaze juu ya udongo.

Nyama, mifupa, vichwa vya samaki, mafuta ya kukaangia na chakula kilichopikwa kwa chumvi visiingie ndooni kabisa. Chumvi ikijirundika kwenye udongo hukausha mizizi, na harufu ya samaki itakuletea paka wa mtaa mzima. Pia usiweke mnyanya au mbilingani uliokufa kwa mnyauko. Ndoo ndogo haipati joto la kuua vimelea, na utakuwa unaurudisha ugonjwa shambani kwa mikono yako.

Kikavu ndicho kinachokosekana

Watu wengi wana mabaki mabichi ya kutosha. Wanachokosa ni kikavu. Bakteria wanahitaji kaboni kama nguvu yao na naitrojeni kama cha kujengea mwili, na uwiano unaowapendeza ni takribani sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Maganda na mabaki ya mboga yako chini ya hapo na yamejaa maji. Yakikaa peke yake yanalowana, hewa inakwisha, na bakteria wasiohitaji hewa wanashika usukani. Hao ndio wenye harufu.

Kanuni ya mkono ni hii: kila kopo moja la kibichi, makopo mawili ya kikavu. Ukisikia harufu, fanya matatu.

Na kikavu kipo. Kila alfajiri Dar es Salaam inafagiwa, majani ya mwembe, mkungu na mwarobaini yanakusanywa, halafu yanachomwa moto. Inaniuma kila ninapouona moshi ule, kwa kuwa ule ni mboji inayopaa, na wenye nyumba hao hao baadaye wananunua samadi kwa kiroba. Mwombe jirani asichome, mpe gunia. Muuza juisi ya miwa naye hana pa kupeleka makapi yake. Ukishayakausha na kuyakatakata ni kikavu kizuri sana. Makaratasi ya mayai, maboksi yaliyobanduliwa gundi ya plastiki na magazeti yaliyochanwa vyote vinafaa. Maranda ya seremala yatumie kwa kiasi, na uulize kwanza kama mbao zilitiwa dawa. Majani ya mvinje na mkaratusi yanachelewa mno kuoza, mimi siyachukui.

Wahaya wa Kagera walilijua hili zamani. Maganda ya ndizi za kupika yalirudi kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, lakini pamoja nayo yaliletwa majani makavu kutoka rweya, zile mbuga za nyasi nje ya mashamba, na samadi ya ng'ombe. Hata kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga mlimani Kilimanjaro, kinaishi kwa mzunguko huo huo: mgomba unamlisha ng'ombe, ng'ombe anaulisha mgomba. Ganda halikuachwa peke yake.

Ndoo mbili: njia ninayoipendekeza kwa uani mdogo

Tafuta ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Ndoo za rangi zinafaa kama zimeoshwa vizuri, ila zilizobeba dawa za kuua wadudu usiziguse. Choma msumari mnene motoni utoboe matundu chini ya ndoo, mengi, kisha mistari mitatu au minne ya matundu kuzunguka ubavuni. Mfuniko nao utoboe machache. Kama panya wanasumbua, funika matundu makubwa kwa wavu wa dirishani.

Simamisha ndoo ya kwanza juu ya matofali, kivulini, ukiweka beseni chini kama sakafu ni ya saruji. Jua la mchana likiipiga moja kwa moja itakauka na viumbe watakufa.

Chini kabisa weka vijiti na vipande vya makumbi, kina cha vidole vinne hivi, ili maji yasisimame. Juu yake weka majani makavu yaliyovurugwa, kisha konzi mbili tatu za udongo wa chini ya mti au mboji ya zamani. Huo udongo ndio unaoleta bakteria. Hakuna haja ya kununua dawa ya kuharakisha.

Sasa anza kulisha. Maganda yakate vipande visivyozidi urefu wa kidole gumba. Ganda zima la nanasi litakaa miezi, lililokatwa litakwisha kwa wiki chache. Mwaga kibichi, tandaza, funika kwa kikavu mpaka usione ganda hata moja. Hatua ya kufunika usiiruke hata siku moja. Nzi wa matunda anataga juu ya ganda lililo wazi, na ukilifunika hana pa kutaga.

Mara moja au mbili kwa wiki ingiza fimbo, vuruga, inua cha chini kije juu. Chukua konzi uifinye: ikitoa tone moja mbili na kubaki imeshikana, unyevu uko sawa. Ikichuruzika, ongeza kikavu. Ikimong'onyoka kama vumbi, nyunyiza maji, na hapa maji ya kuoshea mchele yanafaa sana mradi hayana chumvi.

Ndoo ikijaa, weka tabaka la mwisho la udongo, funika, uiandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na uanze ya pili. Kwa joto la Pwani, ya kwanza inakuwa tayari kwa miezi miwili mpaka mitatu ikiwa unaivuruga. Usipoivuruga, tegemea hata miezi sita. Nyanda za juu kwenye baridi, kama Njombe au Limuru, ongeza muda.

Kuna siku utafungua ndoo ukute funza wakubwa, bapa, rangi ya kijivu au kahawia, wanatembea kwa mamia. Usimwage. Mara nyingi hao ni viluwiluwi wa nzi askari mweusi. Nzi wenyewe wakishakua hawaumi, hawahangaiki na chakula chako, na viluwiluwi wao wanakula maganda kwa kasi isiyo ya kawaida. Kuku wanawagombania. Kuwepo kwao kwa wingi kunakuambia kibichi kimezidi. Ongeza kikavu na watapungua.

Harufu ya mayai mabovu maana yake hewa imekwisha: mwaga yote kwenye turubai, changanya na majani makavu, rudisha. Harufu kali ya mkojo maana yake naitrojeni inatoroka kama amonia, kwa hiyo ongeza maboksi au makapi ya miwa. Sisimizi wakijenga humo, ndoo imekauka, inyweshe maji.

Kwa mwenye nafasi: biwi

Anayetaka mboji kwa ajili ya matuta mengi ajenge biwi, yaani rundo kubwa la mabaki. Lisipungue mita 1 kwa mita 1 kwa urefu wa mita 1, kwa sababu chini ya hapo halitunzi joto. Panga tabaka za kikavu, kibichi na samadi nyembamba, ukinyunyiza maji kila tabaka. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku tatu au nne ichomoe uishike: ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Likijengwa sawasawa linafika nyuzi joto 55 hadi 65, na joto hilo likidumu siku kadhaa linaua mbegu za magugu na vimelea vingi. Likipoa, geuza kwa koleo, cha nje kiende ndani. Wakati wa masika lifunike kwa turubai au majani ya mgomba, la sivyo mvua itakuoshea virutubisho vyote ardhini.

Kufukia moja kwa moja

Hii ndiyo njia ya asiyetaka ndoo. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 30 katikati ya matuta mawili, au shimo umbali wa hatua moja kutoka shina la mpapai au mgomba. Mwaga maganda yaliyokatwa, yachanganye na udongo kwa jembe, fukia mpaka juu na ukanyage. Kina kikiwa kifupi, mbwa na panya watafukua.

Usifukie mabaki mabichi mahali unapopanda siku hiyo hiyo. Bakteria wakiwa kazini, hasa penye kikavu kingi, huchukua naitrojeni ya udongo kwa matumizi yao, na miche yako inabaki njano wakati wao wanastawi. Ngoja mwezi mmoja na nusu mpaka miwili, kisha panda juu yake. Mpapai, mgomba na mti wowote uliokwishakua hauna shida hiyo, maana mizizi yake imetawanyika mbali.

Maji yaliyooshea samaki nayo mahali pake ni hapa: kwenye shimo, kisha udongo juu, mbali na mlango wa jiko.

Maji ya maganda ya ndizi

Yanasifiwa sana mitandaoni, na sifa nyingine zimezidi. Ukilowesha maganda, potasiamu kiasi inatoka, kwa kuwa haijafungamana sana na nyuzi za ganda. Naitrojeni na fosforasi karibu zote zinabaki kwenye ganda. Kwa nyanya, pilipili au bamia zinazoanza kuchanua kwenye mchanga, ni nyongeza ndogo inayofaa. Kama mbolea ya kutegemea, hapana.

Ukitaka kuyatumia, kata maganda matatu, yatie katika lita 2 za maji, funika, acha usiku mmoja na mchana wake. Chuja, mwaga kwenye udongo uliokwisha kumwagiliwa, si kwenye majani. Maganda yaliyobaki yaingie ndooni. Usiyaweke wiki nzima kwenye kopo lililo wazi: yatanuka, na mbu wanaoeneza homa ya dengi hutaga katika vyombo vya maji vya namna hiyo hiyo vilivyosahaulika uani. Nasisitiza mfuniko kwa ajili ya watoto wa nyumba, kabla hata ya nyanya.

Maganda ya mayai na majivu

Ganda la yai karibu lote ni kalisi iliyoungana na kaboni, kemikali ile ile ya chokaa. Likipondwapondwa kwa kidole halina msaada. Unaweza kulikuta shambani baada ya miaka. Lioshe, lianike mpaka likauke kabisa au ulikaange kidogo bila mafuta kwa ajili ya usalama, kisha litwange kwenye kinu mpaka liwe unga, ulichekeche. Vijiko viwili vya chakula kwa shimo la mche vinatosha, na huanza kufanya kazi taratibu, hasa kwenye udongo wenye tindikali. Aliye Unguja, Tanga au Mombasa penye mawe ya matumbawe ana chokaa tayari chini ya miguu yake, asipoteze muda.

Nyanya zikioza kitako na kuwa nyeusi, wengi hukimbilia maganda ya mayai. Mara nyingi kalisi ipo udongoni ila haifiki kwenye tunda kwa sababu mmea unamwagiliwa leo, unaachwa siku tatu, kisha unagharikishwa. Mwagilia kwa mpangilio na utandaze majani juu ya udongo. Hapo utaona mabadiliko kwenye matunda yanayofuata.

Majivu ya mkaa na kuni yana potasiamu na kalisi, hayana naitrojeni. Nyunyiza kiganja kimoja kwa mita ya mraba, mara moja kwa msimu, yasiguse shina. Usiyachanganye na samadi mbichi ya kuku, yanafukuza naitrojeni hewani. Majivu ya jiko lililowashiwa mfuko wa plastiki yatupe.

Kuitumia mboji

Mboji iliyoiva ni nyeusi, inamong'onyoka, inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, na huwezi kutambua ganda gani lilikuwa lipi. Ukiwa na shaka, jaza kopo udongo uliochanganywa na mboji, panda mbegu za mchicha. Zikiota vizuri ndani ya siku tano hivi na kusimama imara, imeiva. Zikinyauka au zikakataa, irudishe ndooni.

Chekecha kwa wavu wa kuku. Makubwa yaliyobaki yanaanza duru nyingine. Kwa tuta la mchicha, matembele au sukuma wiki, ndoo moja ya lita 20 inatandaza mita ya mraba 1 kwa unene wa sentimita 2. Ichanganye na udongo wa juu, usiizamishe kina kirefu. Kwa kiroba au ndoo ya kupandia, mboji sehemu moja kwa udongo sehemu mbili. Mboji tupu haifai, inajaa maji na kudidimia. Nyanya, pilipili na bilinganya zipewe konzi mbili kila baada ya wiki tatu au nne, ukizungushia kiganja kimoja mbali na shina, kisha matandazo juu na maji.

Mboga za majani zinazochumwa kila wiki zinakula naitrojeni nyingi kuliko maganda yanavyoweza kutoa. Kwa hizo ongeza samadi iliyoiva, hasa ya kuku, konzi moja kwa mche kila mwezi. Sioni aibu kusema mabaki ya jikoni ya familia moja hayatoshi matuta kumi. Yanatosha mawili au matatu vizuri, na hayo ndiyo ya kuyapa kipaumbele.

Mboji ya ndoo haikupata joto la biwi, kwa hiyo itaotesha nyanya, boga, tikiti na papai usizozipanda. Zing'oe zikiwa ndogo kabla hazijapora chakula cha mboga. Mche wa papai unaweza kuuhamisha ukiwa na urefu wa kiganja, lakini panda mitatu katika shimo moja. Ikichanua ndipo utajua upi dume na upi jike, ubakize mmoja wenye kuzaa.